Waya wa Kwenye Skrini Haulegei
Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi wa umeme. Muhula huu maabara yao yote ya elektroniki ilikuwa kwenye laptopu: unaburuta rezista, unaburuta betri ya volti 9, taa ya LED inawaka. Safi. Juzi kashika bredibodi halisi, taa ikagoma. Tumehangaika saa nzima, kumbe waya ulilegea! Programu haikumfundisha hilo, humo waya haulegei.

Mimi nasomea ualimu na programu siipingi. Unakosea mara mia bila kuunguza kifaa cha mtu. Ila iwe ya kuanzia. Kuipa alama zote za maabara ni kutuonea. Wahadhiri, leteni hata bredibodi moja kwa watu watano, foleni tutapanga.