Programu Huria na Tarakilishi Kuukuu: Tutupe au Tutunze?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, swali moja limekuwa likijirudia katika vikao vya idara na vya vyama vya wanafunzi: tarakilishi tulizo nazo tuzifanyeje? Jawabu la upesi ni kwamba zimezeeka, kwa hiyo zitupwe na ufadhili utafutwe wa kununua nyingine. Upande wa pili wamo mashabiki wa Linux wanaoapa kuwa mfumo huo hufufua mashine yoyote ile, hata iliyokwisha kutandwa na buibui ghalani. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimeligusa suala hili juu juu tu. Wa kwanza hawajajiuliza uzee wa tarakilishi ni nini hasa. Wa pili hawajajiuliza ni nani anayeifanya kazi hiyo ya kufufua, na ataifanya hadi lini.

Kabla ya kuendelea, ni vyema niweke wazi istilahi mbili. Natumia 'tarakilishi' kwa kuwa ndiyo tuliyolelewa nayo katika shule za Kenya. Anayependelea 'kompyuta' asinune, kwani mashine ni ileile. Ama 'programu huria', nakusudia programu ambazo msimbo wake uko wazi, na ambazo mtumiaji ana ruhusa ya kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Wengi wetu huishia kwenye neno 'bure'. Ubure ni tunda tu. Mti wenyewe ni ile ruhusa.

Turejelee uzee. Prosesa iliyotengenezwa mwaka 2008 hupiga hesabu leo kwa kasi ileile iliyopiga siku ilipotoka kiwandani, mradi tu vumbi liondolewe na feni yake izunguke. Kinachozidi mwaka hadi mwaka ni mzigo inaotwikwa. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai, isipokuwa kwa nadra sana, prosesa za kizazi cha nane, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo tarakilishi ya mwaka 2015, yenye afya na nguvu za kutosha, huzuiwa mlangoni kama mgeni asiyekuwa na kadi ya mwaliko. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba takriban tarakilishi milioni 240 ulimwenguni zingeweza kugeuka taka kutokana na kusitishwa kwa Windows 10. Na taka za aina hii zimekwisha kutufika shingoni: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaeleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni chini ya robo yake iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nao hawakuwa wameona tarakilishi.

Kwetu sisi jambo hili si la nadharia. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limepeleka katika shule za nchi hii maelfu ya tarakilishi zilizokwisha kutumiwa na wengine, na wapo miongoni mwetu waliobonyeza kibodi kwa mara ya kwanza kwenye mashine za aina hiyo. Vyumba vingi vya vyama vya Kiswahili vyuoni vina mashine za urithi. Swali la nani anaandika programu inayoweza kuendeshwa na mashine hizo ni swali la nani ataandika tasnifu yake na nani atapanga foleni kwenye saiba.

Ni kweli kwamba programu huria zimewapa wenye mashine kuukuu uhai mrefu kuliko programu za kibiashara. Hata hivyo, historia yake ina funzo ambalo mashabiki hawalitaji. Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki (chuo hichohicho kilichotupatia kongoo mashuhuri ya Kiswahili, ingawa hayo ni mambo ya baadaye). Alikiandikia tarakilishi yenye prosesa ya Intel 386, iliyokuwa mezani pake. Mnamo Desemba 2012 watunzaji wa kiini hicho waliamua kuiondoa 386 katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na toleo la 3.8 lililotoka Februari 2013 halikuitambua tena. Mtoto aliikana nyumba aliyozaliwa. Sababu haikuwa kiburi. Msimbo wa kuihudumia 386 ulikuwa ukiwachosha waandishi kila walipotaka kurekebisha jambo jingine, ilhali watu waliokuwa wakiutumia walikuwa wachache mno.

Mkondo huo haukukoma. Ubuntu, mfumo ambao msomaji wa Kiswahili husikia 'utu' ndani ya jina lake, uliacha kutoa nakala ya mezani ya biti 32 mnamo Oktoba 2017. Kimbilio likabaki Debian, mradi wa watu wa kujitolea wenye sifa ya kutomwacha mtu nyuma. Debian 12 ya Juni 2023 ilikuwa ya mwisho kusakinishwa kwenye mashine za kawaida za biti 32. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, haina kiini wala kisakinishi cha mashine hizo. Mwaka huohuo Mozilla ilitangaza kuwa toleo la 144 la kivinjari cha Firefox lingekuwa la mwisho kwa Linux ya biti 32. Zipo aina nyingine nyepesi ambazo bado zinawapokea wakongwe, lakini nyingi zimejengwa juu ya msingi wa Debian, na msingi ukisogea, nyumba haiwezi kubaki ilipokuwa.

Biti 32 na biti 64 ni upana wa namba ambazo prosesa hushughulikia kwa mkupuo mmoja. Naomba msomaji aushike mpaka huu, maana ndio unaoamua mengi leo kuliko mwaka wa kutengenezwa. AMD ilianza kuuza prosesa ya Athlon 64 mwaka 2003. Core 2 ya Intel, iliyotoka mwaka 2006, nayo ni ya biti 64. Kwa upande mwingine, vipakatalishi vile vidogo vilivyopendwa sana kuanzia mwaka 2008, vyenye prosesa ya Atom N270, ni vya biti 32. Basi mdogo amezeeka kabla ya mkubwa wake. Anayetaka kujua mashine yake iko upande gani anaweza kuiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi na kuandika amri ya lscpu. Jibu hutoka kwa nukta moja.

Nimefanya kazi kwa miezi kadhaa kwenye tarakilishi ya Core 2 Duo yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu, nikiwa nimeisakinishia Debian pamoja na LXQt, mandhari nyepesi ya kazi. Sura ya tasnifu iliandikika katika LibreOffice bila kelele. Riwaya iliyohifadhiwa katika mfumo wa PDF ilifunguka. Tatizo lilijitokeza katika kivinjari. Ukurasa mmoja wa barua pepe, pamoja na vikorombwezo vyake vyote, ulimeza kumbukumbu nyingi kuliko mfumo mzima uliouendesha. Wa pili ukaifanya mashine ianze kuhema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Linux hupunguza mzigo wa nyumbani, ila haina mamlaka juu ya mzigo unaoletwa na wavuti. Kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 4, na kuiondoa diski inayozunguka ili mahali pake pawe na diski ya SSD, kulileta nafuu kubwa kuliko ubadilishaji wowote wa programu. Vipuri vya aina hiyo hupatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na fundi yeyote wa mtaa huo hukuwekea ukisubiri.

Lakini tukumbuke kazi yetu ni ipi. Taaluma yetu ni ya maneno, na maneno ni mepesi. Matini kamili ya riwaya ya kawaida hayafikii hata megabaiti moja. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora majengo, au wa filamu anayehariri video, ana haki ya kudai mashine mpya. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta viangama katika diwani hana udhuru huo. Idara za Kiswahili ndizo zingekuwa za mwisho kutupa mashine za biti 64, na inashangaza kuona baadhi yake zikiwa za kwanza.

Kuna hoja ya kupinga ambayo naiheshimu: waajiri huuliza kuhusu Word, na mwanafunzi aliyezoea LibreOffice atababaika. Naijibu kwa kusema kuwa aliyejua kutumia mitindo, kupanga yaliyomo na kuweka tanbihi katika programu moja huhamia nyingine kwa siku mbili. Anayebabaika ni yule aliyekariri mahali pa vitufe. Kuna hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya umeme. Mashine za mezani za Pentium 4 zilisifika kwa kula umeme na kutoa joto, na kuzikumbatia kwa jina la uwekevu ni kujidanganya. Isitoshe, zile za biti 32 zina ukuta mbele yao: namba ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 itajaa tarehe 19 Januari 2038. Debian ilipopanua namba hiyo kwa ajili ya mifumo mingine ya biti 32, iliiacha kwa makusudi familia hii ya Intel, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Kwa hiyo sitetei kila chuma. Mashine za biti 32 zisizounganishwa na intaneti zinaweza kutumiwa kwa uchapaji hadi zichoke. Zilizobaki zipelekwe kwa warejelezaji wanaotambuliwa, zisirundikwe ghalani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mashine ya biti 32 haikuachwa kwa sababu imevunjika. Iliachwa kwa sababu walikosekana watu wa kuijaribia programu, kuripoti hitilafu na kuzirekebisha. Ugonjwa huohuo umeipata lugha yetu ndani ya programu hizohizo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ilitoka mapema kuliko Office ya Kiswahili ya Microsoft. Msimbo ulikuwa wazi, na ndiyo maana haukuhitajika mkataba na tajiri yeyote ili kazi hiyo ifanyike. Kisha mwaka 2010 LibreOffice ikachipuka kutoka OpenOffice.org, menyu zikaongezeka toleo baada ya toleo, nayo tafsiri ya Kiswahili ikabaki nyuma. Leo anayeichagua lugha yetu katika LibreOffice hukutana na Kiswahili na Kiingereza vikipokezana kwenye menyu moja, kana kwamba ameingia kwenye matatu.

Tazama pia kikagua tahajia. Kamusi yake ya Kiswahili, aliyoiandaa Jason Githeko, ilikuwa hatua kubwa, na bado inatumika. Hata hivyo, lugha yetu ni ambishi bainishi: kitenzi kimoja hubeba nafsi, njeo, kirejeshi, yambwa na mnyambuliko. Orodha ya maneno peke yake haiwezi kuyamaliza maumbo hayo, kwa hiyo wino mwekundu humwagika chini ya vitenzi sahihi kabisa. Programu yenyewe ina faili ya kanuni za viambishi inayosubiri mtu aijuaye mofolojia ya Kiswahili aijaze. Waandishi wa msimbo walioko Ujerumani au Marekani hawataijua. Sisi tunaifanyia mtihani kila muhula.

Ndiyo maana nasema chama chetu kina deni kwa programu huria zilizokirefushia maisha. Kozi ya tafsiri humtaka mwanafunzi atafsiri kurasa kadhaa, ambazo husomwa mara moja, zikatiwa alama, na kufungiwa kabatini. Kwa nini tamrini hizo zisiwe semi za menyu za LibreOffice ambazo hadi sasa ni za Kiingereza, mhadhiri akasahihisha, na kazi ikapelekwa kwa mradi wenyewe? Mwanafunzi angepata alama zilezile, na istilahi zake zingejaribiwa na watumiaji halisi badala ya kubishaniwa makongamanoni. Hata wasioweza kutafsiri wana nafasi. Mtu anayetumia Debian kwenye mashine ya mwaka 2008, akaona imekwama na kuandika ripoti ya hitilafu yenye maelezo kamili, anafanya kazi ambayo mwenye mashine mpya huko Ulaya hawezi kuifanya, kwa kuwa hana mashine kama hiyo.

Nimeomba suala hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao wa chama, kabla ya pendekezo la kuuza tarakilishi zetu kwa kilo halijapigiwa kura. Ninachoomba ni alasiri mbili, flashi moja yenye Debian 13, na wanachama watatu wa kupita mashine baada ya mashine wakiandika katika daftari ipi ni ya biti 64 na ina kumbukumbu kiasi gani. Wauzaji wa vyuma chakavu wanaweza kungoja hadi daftari hilo lisomwe.