Hatuna Chui Milia, Lakini Tuna Kitui Kusini

Mtoto wa shule akiulizwa ni wapi chui milia anaishi, atajibu upesi: India. Akiulizwa jina la hifadhi ya wanyama iliyo katika kaunti yake mwenyewe, huenda akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakotufanya tuandike leo.

Hifadhi ya Taifa ya Kitui Kusini ilitangazwa rasmi mwaka 1979. Imepakana na Tsavo Mashariki, mbuga kubwa iliyoanzishwa mwaka 1948. Kwa ndovu mpaka huo haupo. Mvua ikinyesha upande huu, huvuka kuja kula majani. Maji yakikauka, hurudi mtoni. Pamoja nao wapo simba, chui, twiga, nyati na swala wa nchi kavu. Kwa hiyo Kitui Kusini si kipande cha pori kilichobaki bila kazi. Ni ghala la akiba la Tsavo.

Wakamba waliwajua wanyama hawa kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Ndovu ni nzou, simba ni munyambu, chui ni ngo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Krapf mwaka 1849, mmishonari huyo alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Wawindaji walitumia upinde na mshale wenye sumu ya mti, na kazi hiyo ilikuwa na mafunzo yake: kusoma nyayo, kujua upepo, kutambua mnyama mgonjwa na mzima.

Serikali ya kikoloni iliwaita watu hao majangili, na katika miaka ya 1950 wengi walikamatwa katika msako mkubwa wa Tsavo. Mwaka 1977 uwindaji wote ukapigwa marufuku nchini. Lakini ndovu hawakupona kwa marufuku peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndovu wa eneo la Tsavo walikadiriwa kuwa kama 35,000. Kufikia mwaka 1988, baada ya ukame mkali na bunduki za majangili, walihesabiwa chini ya 7,000. Ulinzi ulipoimarishwa na biashara ya pembe kufungwa duniani mwaka 1989, idadi ilianza kupanda tena, na hesabu ya mwaka 2017 ilipata zaidi ya 12,000.

Na hapa India inaweza kutufundisha. Nchi hiyo ilianza mpango wa kumwokoa chui milia mwaka 1973, kwa hifadhi tisa. Hata hivyo, mwaka 2005 iligundulika kwamba hifadhi ya Sariska haikuwa na chui milia hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza, huku kwenye makaratasi hifadhi ikiwa bado ipo. Wahindi waliona aibu, wakaongeza walinzi na kuhesabu upya kwa makini. Leo chui milia wao ni zaidi ya 3,000. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kitui Kusini nayo isije ikabaki jina katika ramani. Miti imekatwa kwa makaa, na mifugo imeingizwa humo kutafuta malisho. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya Kitui. Hatua hiyo ilikuwa njema, ila mti haulindwi na tangazo.

Tusimsahau mkulima pia. Mama aliyelima mbaazi na mtama msimu mzima, kisha ndovu wakapita usiku mmoja, hawezi kuambiwa awapende wanyama na akakubali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia ya shilingi 5,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama, na mimea iliyoharibiwa nayo inastahili kulipwa. Fidia inayochelewa miaka humfanya mwananchi amwone mnyama kuwa adui, na serikali kuwa rafiki wa adui.

Kwa Vonza, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, kuna chuo kikuu. Hatua chache kutoka hapo wanaishi wazee ambao baba zao walizijua njia za ndovu kwa majina. Wanafunzi na waende wakawasikilize, waandike majina ya wanyama, ya miti na ya visima, kabla wazee hawajaondoka nayo. Kaunti nayo iweke walinzi wa kutosha, na iwaajiri kutoka vijiji vya mpakani, kwa maana mjukuu wa mwindaji anajua kusoma nyayo.

Wahindi walizinduka wakiwa wamekwisha kuipoteza Sariska. Sisi bado tuna ndovu wanaovuka. Tuzinduke wangali wanavuka.