Nani atatoboa? Vipaji vya Mara na mtihani wa siku chache

Kila mwaka michezo ya UMISSETA inapofika, pembeni ya viwanja vya Musoma, Bunda na Butiama hawakosekani wanaonyoosha kidole: "Huyu ni wa Simba au Yanga." Wengi wao hukosea. Kwa nini?

Kwanza ni mwili. Kijana wa miaka 16 aliyewahi kukua humzidi mwenzake wa umri huohuo kwa mbio na nguvu, na mabao huyapata kirahisi. Wenzake wakishakua, faida hiyo huisha. (Umri wenyewe, tuseme ukweli, nao huwa na utata.) Ndiyo maana mtazamaji mzuri hahesabu mabao tu, huangalia mchezaji anatazama wapi kabla mpira haujamfikia, na anafanya nini akiupoteza.

Lakini jicho zuri halitoshi kama hakuna mahali pa kucheza kila wiki. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akakaa Lubumbashi hadi akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo akaenda Genk.

Kwa Mara, ngazi hiyo ilikuwa Biashara United. Ilipanda Ligi Kuu 2018, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika 2021, ikashuka daraja 2022. Iliposhuka, kijana wa Bunda aliyetaka kucheza Ligi Kuu ilimlazimu kufikiria kuhama mkoa, na uamuzi huo huikuta familia mtoto akiwa bado na daftari mkononi.