Wafasiri wa Kimaa wapo, acheni visingizio!

Kila nikikutana na watengeneza programu wenzangu nasikia wimbo uleule: "Programu yetu ni ya wafugaji, lakini mfasiri wa Kiswahili kwenda Kimaa hapatikani." Hapatikani wapi? Toka Kitengela hadi Kajiado mjini, halafu mnadani Bissil, utakuta lugha hizo mbili zinapishana mdomoni mwa mtu mmoja kutwa nzima.

Anayekosekana ni mwenye cheti cha Kiingereza, maana huyo ndiye anayetafutwa. Basi maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili yanazungushwa kwanza kwenye Kiingereza. Niliwahi kuletewa kazi ya namna hiyo. Kitufe cha "Hifadhi" kilikuwa kimegeuzwa "Save", na mfasiri, ambaye hakuonyeshwa hata skrini, akaandika neno la kuokoka, lile la kanisani! Mfugaji anataka kuweka rekodi ya ng'ombe wake, anaambiwa aokoke. Hapo tunacheka. Je, ingekuwa ni kipimo cha dawa ya mifugo?

Simlaumu mfasiri, nawalaumu waliompa kazi. Kiswahili husema ng'ombe 1, ng'ombe 5, neno halibadiliki. Kwa Kimaa ng'ombe mmoja ni enkiteng, wengi ni inkishu. Ukimpa mtu sentensi moja yenye pengo la namba, umemfunga mikono. Gettext ina nafasi ya wingi, itumieni!

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Haikuwa miujiza. Walikaa na wataalamu wa lugha, wakakubaliana istilahi, ndipo wakafasiri.

Nasi tufanye hivyo. Tafuta watu wawili wanaojua Kimaa na Kiswahili barabara, mmoja afasiri, mwingine asome akiwa na simu mkononi. Wape sentensi 20 za majaribio, zenye picha za skrini. Msikilize Mkaputiei wa Kitengela na Mmatapato wa Bissil kabla ya kuchagua neno. Na walipe! Hakuna anayemwambia mtengeneza programu ajitolee kwa mapenzi ya lugha yake.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za asili. Sisi tunaoandika programu hatuhitaji kusubiri serikali. Anayebisha, karibu tubishane.