Shahada Si Ruhusa ya Kung'oa Jino

Wako watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, wanaodhani kwamba kijana akishahitimu udaktari wa meno amekwisha kuwa daktari mahali popote duniani. Dhana hiyo si sahihi, na imewapotezea wazazi fedha na vijana miaka. Shahada hutolewa na chuo, lakini ruhusa ya kumtibu mtu hutolewa na dola, kupitia baraza lililoundwa kwa sheria, na ruhusa hiyo hukoma mpakani.

Tuanze nyumbani. Huku Tanzania Bara, daktari wa meno husoma shahada kwa miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1 chini ya uangalizi, ndipo husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo sasa linaongozwa na sheria ya mwaka 2017. Jina lenyewe la Baraza laonyesha mipaka yake: afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake. Kenya na Uganda nazo zina yao. Hivyo daktari aliyesajiliwa upande wetu wa Namanga hawezi kuvuka na kulitibu jino upande wa pili mpaka apate idhini ya Nairobi, ingawa jino ni lile lile.

Masharti haya si urasimu mtupu. Chombo kisichotakaswa huweza kumwambukiza mgonjwa homa ya ini, na usaha wa jino lililotibiwa ovyo huweza kusambaa hadi ukahatarisha maisha. Mgonjwa aliyekwisha kufumbua kinywa hana njia ya kumpima anayeshika koleo. Baraza ndilo limpimialo.

Hata hivyo, lazima tukubali kwamba si kila sharti humlinda mgonjwa. Tutazame Marekani, ambako kila jimbo lina bodi yake ya meno. Kwa jumla majimbo hudai shahada ya chuo kilichoidhinishwa, mtihani wa nadharia wa taifa zima, na uthibitisho wa ujuzi wa mikono. Mtihani wa nadharia, uliokuwa na sehemu mbili, umeunganishwa kuwa mmoja: sehemu ya kwanza ya zamani ilikoma mwaka 2020, na ya pili mwaka 2022. Ugomvi mkubwa umekuwa juu ya mtihani wa mikono. Kwa miaka mingi mtahiniwa alilazimika kujitafutia mgonjwa hai mwenye jino lililooza kwa kiasi kinachotakiwa. Mgonjwa asipotokea siku hiyo, mtahiniwa alishindwa, hata kama mikono yake ni hodari. Baada ya UVIKO-19 kuenea mwaka 2020, majimbo mengi yalikubali vinywa vya bandia. New York yenyewe, tangu mwaka 2007, hudai angalau mwaka mmoja wa mafunzo zaidi kazini badala ya mtihani huo. Mwaka 2023 ulitungwa mkataba wa kuyawezesha majimbo kutambua leseni za wenzao, na mwaka 2024 majimbo 7 yalikuwa yamekwisha kuupitisha, idadi iliyotosha kuupa nguvu.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwanza juu ya mafunzo: angalau miaka 5 na saa 5,000. Shahada inayotimiza kipimo hicho hutambuliwa katika nchi wanachama bila mtihani mpya wa taaluma.

Afrika Mashariki tunayo ahadi kama hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, yazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za elimu na taaluma. Mabaraza yetu yamekwisha kukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Hiyo ni hatua njema, lakini haitoshi. Tunahitaji mtihani mmoja, na daftari moja ambamo aliyefutwa nchi moja atajulikana nchi zote. Kufungua mlango kabla ya daftari hilo ni kumpa tapeli njia ya kuhama.

Watakuwapo watakaosema kwamba mlango ukifunguliwa madaktari watakimbilia penye mishahara minono. Lakini hata leo daktari hukimbilia mjini bila kuvuka mpaka wowote. Kufunga mpaka hakupeleki kiti cha meno katika kituo cha afya cha kijijini. Kinachokipeleka ni ajira na vifaa.

Wakati tukingoja hayo, walimu wana wajibu wao. Mwanafunzi anayetaka kusomea meno nje na aulizwe mapema: je, chuo hicho kinatambuliwa na baraza la nchi atakayofanyia kazi? Mtihani gani utamngoja atakaporudi? Utarajali ataufanyia wapi? Maswali haya yaulizwe kabla mzazi hajauza ng'ombe, si baada ya miaka 5. Nao watumishi wa serikali wanaohusika hawana budi kuyatangaza masharti kwa Kiswahili fasaha, yafike mashuleni na wilayani. Sheria isiyoeleweka na wanaotakiwa kuifuata huwa mtego kwa mwema, wala haimzuii mwovu.