Kanisa la chini ya mwembe

Wadau, Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala Kizuiani kumjulia hali mama mdogo. Uani kwake, chini ya mwembe, nikakuta watoto kama saba hivi wanacheza kanisa. Siyo kujipikilisha, siyo kombolela. Kanisa! Mchungaji ana miaka tisa, kashika chupa ya maji ndiyo maiki. Ngoma ni dumu la mafuta. Mmoja kapewa kazi ya kuwa na mapepo, na anaifanya kwa moyo wote, anagaagaa mchangani mpaka shati limebadilika rangi. Nilicheka jamani.

Katikati ya vurugu ile, kabinti kamoja kakasema, "Tumuombee bibi, anaumwa." Bibi ndiye mama mdogo wangu. Wakashikana mikono, wakafumba macho, kimya kabisa kama nusu dakika. Amina. Mapepo yakaendelea.

Ndani nikamkuta mama mdogo kalala. Ana kisukari, na alikuwa siku ya tatu amefunga. Alhamisi alianguka kituo cha daladala, majirani ndio waliomrudisha nyumbani. Nikamuuliza, "Mama mdogo, daktari si alikukataza?" Akanijibu taratibu tu, "Mwanangu, nisipojitesa kidogo, Mungu atajuaje kama namaanisha?"

Hivi nani alitufundisha hivyo? Maana si yeye peke yake. Ukizunguka Temeke au Kinondoni utakuta mabango ya mfungo wa siku 21, wa siku 40, kesha la Ijumaa, kila kitu na hesabu yake. Unaweza kudhani Mungu ni msimamizi wa kiwanda pale Chang'ombe, anakagua nani kaingia zamu na nani kachelewa.

Najua mtanirushia mawe, mtasema nahubiri uvivu. Hapana. Yule mtoto wa mapepo alitoka jasho kuliko mimi wiki nzima. Watoto wanacheza mpaka giza linaingia, mama zao wanaita mpaka sauti inakauka. Na mchezo wao una sheria, ukidanganya kwenye kombolela utaona moto. Ila hakuna anayehesabu amekimbia mara ngapi ili aje kudai chochote. Nimewahi kuhudhuria kesha moja Tandika, saa tisa usiku bibi wa kanga mbili alikuwa anacheza mbele kama yuko harusini. Yule hakuwa anajitesa. Alikuwa nyumbani kwake.

Ajabu ni kwamba vitabu vyetu wenyewe vinalijua hili. Wanafunzi wa Yesu walipouliza nani mkubwa mbinguni, alimwita mtoto akamsimamisha katikati yao (Mathayo 18). Mfalme Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano mpaka mkewe Mikali akamdharau. Na ndugu zetu Waislamu wanayo ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) kurefusha sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo kubwa limetokea. Kumbe mjukuu wake alikuwa kampanda mgongoni, na hakutaka kumharakisha. Hebu fikiria hapo, sala nzima inasubiri mtoto amalize mchezo!

Tena hata kwenye Ramadhani yenyewe, Kurani (2:185) inampa mgonjwa ruhusa ya kula, alipe siku nyingine. Sasa mama yangu mdogo, mwenye kisukari, amefungishwa na nani? Nikimuuliza anasema ni moyo wake. Mimi nadhani ni hofu, imevaa nguo za Jumapili.

Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye mkeka, nikamwekea kikombe cha uji pembeni. Hakukigusa. Mchungaji wa miaka tisa akaja na chupa yake, akamwekea mkono kichwani, akamwombea haraka haraka, kisha akamtangazia, "Bibi, ibada imeisha, kunywa uji." Mama mdogo kwanza alishtuka. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu baba mdogo afariki. Akanywa nusu kikombe.

Jana kanipigia simu, anasema Ijumaa anakwenda kesha na Jumatatu anaanza mfungo mwingine. Wenzangu wenye wazazi wa namna hii, mnaongea nao vipi?