Gitaa la besi si la kupigia picha

Wadogo zangu, na nyinyi wakubwa wa mashirika mnaosoma hapa: tuache hii tabia ya kununua gitaa la besi kwa macho. Kikundi kikipata pesa kidogo, vijana wanataka la nyuzi tano, jeusi, linang'aa, kama lile waliloona kwenye video za Kinshasa. Shirika nalo likileta vyombo, linaleta kilichoandikwa kwenye karatasi huko ofisini Arua. Mwenye kupiga hakuna aliyemuuliza.

Nyuzi nne zinatosha. Ule uzi wa tano, mnene kuliko yote, ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 31 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne unatetemeka kama mara 41. Sasa hizi spika ndogo tunazobeba kwenye boda hapa Ediofe, hata hiyo 41 zinaitoa kwa shida. Unalipia sauti ambayo hakuna mtu ataisikia, halafu siku uzi ukikatika unalipa tena.

Na mambo ya betri. Kuna magitaa yenye betri ya volti 9 tumboni. Betri ikiisha, mengi yanakuwa bubu, hata umeme wa sola uwepo. Nenda Lobule au Rhino Camp Jumapili asubuhi, kwaya imesimama, ukaitafute hiyo betri! Chukua lisilo na betri, bwana.

Lakini kinachoniuma zaidi si hicho. Kikundi chetu kilipewa gitaa na shirika moja ambalo silitaji. Gitaa zuri kabisa, lakini refu na zito. Mpigaji wetu wa besi alikuwa msichana wa miaka 14, mwenye mwili mdogo. Huyo dada alikuwa amepiga ile adungu kubwa ya besi kanisani, anaketi, anazivuta nyuzi, watu wote wanacheza. Masikio anayo, mdundo anao. Alipewa lile gitaa, wiki tatu tu kiganja kinauma, bega linauma. Wavulana wakasema: mnaona, besi si ya wasichana. Akaacha, wao wakalichukua. Kwenye ripoti ya shirika nadhani bado anahesabiwa, kwa safu ya wasichana waliofikiwa.

Msichana hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la kipimo. Gitaa la besi la kawaida, uzi wake kutoka juu shingoni mpaka kwenye daraja ni inchi 34, kama sentimita 86. Yapo mafupi ya inchi 30, sentimita 76. Hizo sentimita kumi ni kubwa sana kwa mkono mdogo. Jaribu hivi: weka kidole cha shahada kwenye chumba cha kwanza cha shingo, kidole kidogo kwenye cha nne. Ukilazimika kukunja kifundo mpaka kiume, hilo si lako. Kisha simama nalo na mkanda begani kwa muda wa nyimbo nne. Shingo ikianguka chini kila ukiachia mkono, rudisha.

Mtu atasema fupi ni la watoto. Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner mwaka 1961 kule Hamburg, fupi na jepesi, kwa karibu pauni 30, kwa sababu Fender ilimshinda bei. Tena ni mtu wa mkono wa kushoto, na umbo lake la pande mbili sawa lilimfaa hata likigeuzwa. Nani alimwambia ni mtoto? Ni kweli nyuzi za gitaa fupi zinalegea kidogo. Basi weka nene kidogo.

La mitumba pia sawa, ila likague. Tazama shingo kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao, ujue kama imepinda. Piga kila chumba, kila uzi, usikie wapi panakwaruza. Zungusha vitufe vya sauti: kelele kidogo fundi redio atasafisha, shingo iliyopinda vibaya usiiguse. Na pesa zote zisiishie kwenye gitaa. Baki na za nyuzi za akiba na za spika ya besi yenyewe, kwa sababu ukichomeka besi kwenye spika ndogo ya gitaa la kawaida na kuongeza sauti, utaipasua.

Kwa hiyo, wakubwa, kama bajeti ya vyombo bado haijasainiwa, ongezeni mstari mmoja tu: nauli ya mpigaji mwenyewe kwenda Kampala na kurudi, pamoja na mtu wenu wa manunuzi. Yeye ndiye akamate gitaa dukani, asimame nalo, alipige. Na kama mpigaji ni yule dada, mwiteni kwanza, yuko hapa hapa.